Nunua vichwa kwanza: mwongozo kamili wa kuchagua na kutumia mswaki wa kuchaji wa bei nafuu, ukiwa Mtwara au Lindi

Mama yangu anaishi Mingoyo, pale njia ya Masasi inapoachana na ya Lindi. Alipopata kiharusi mkono wake wa kulia ulibaki mzito, na kati ya yote yaliyobadilika nyumbani, lililomuudhi zaidi lilikuwa mswaki. Kulishwa alikubali, kuvalishwa alikubali. Kusuguliwa meno na mtu mwingine alikataa kabisa. "Mwanangu, kinywa ni cha mwenyewe," aliniambia, akaendelea kuhangaika na mkono wa kushoto, akisugua upande mmoja na kuuacha mwingine. Miezi michache baadaye fizi za upande ulioachwa zilikuwa zimevimba, na kila akitema, mate yalikuwa na damu.

Ndipo nilipoanza kutafuta mswaki wa umeme wa kuchaji. Wa kwanza niliununua hapa Mtwara mjini kwa sababu ulikuwa mzuri machoni na bei yake niliimudu. Ulimfaa sana. Lakini boksi lilikuja na vichwa 2 tu, na vilipochakaa nilizunguka maduka ya vipodozi, famasi na maduka ya vifaa vya simu bila kupata kinachoingia. Nikamwagiza mtu aliyekuwa anakwenda Dar es Salaam, akazunguka Kariakoo siku nzima na mpini mkononi, akarudi nao hivyo hivyo. Mpini ule mpaka leo ukiubonyeza unanguruma. Hauna kazi, kwa sababu hauna kichwa.

Yote nitakayoeleza hapa yameanzia kwenye hasara ile. Ukitaka kununua mswaki wa kuchaji, tafuta vichwa kwanza, kisha ndiyo utafute mpini.

Je, unauhitaji kweli?

Mswaki wa kawaida wenye nywele laini, ukitumiwa dakika 2 asubuhi na dakika 2 usiku kwa dawa ya meno yenye floridi, unatosha kuyatunza meno. Anayepiga mswaki vizuri kwa mkono asijione amepungukiwa. Hata mswaki wa mti, ule waliotulea nao wazee wa pwani, ukitafunwa ncha yake vizuri na kupitishwa jino kwa jino, unafanya kazi.

Faida ya mashine ni kwamba inasugua yenyewe. Wewe unaielekeza tu. Mwaka 2014 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, walikusanya majaribio 56 yaliyolinganisha miswaki ya umeme na ya mkono. Waliotumia wa umeme kwa zaidi ya miezi 3 walikuwa na utando mchache (ule uchafu laini unaonata kwenye meno) kwa asilimia 21, na uvimbe wa fizi ulipungua kwa asilimia 11. Ushahidi mwingi zaidi humo ulihusu vichwa vya mviringo vinavyozunguka nusu kwenda na nusu kurudi. Si muujiza, lakini ni tofauti inayoonekana.

Kwa maoni yangu wanaofaidika zaidi ni wenye mikono isiyotii: aliyepata kiharusi, mwenye baridi yabisi ya vidole, mzee anayetetemeka. Mpini wa mswaki wa kuchaji ni mnene, unashikika hata kwa mkono dhaifu. Wanafuata wanaosugua kwa nguvu kama wanaosafisha sufuria, ambao fizi zao zimeanza kupanda na meno yanapata ganzi wakinywa maji baridi. Kisha wale ambao dakika 2 kwao huwa sekunde 30, na hapo naamini tumo wengi.

Aina mbili, na namba zilizoandikwa kwenye boksi

Aina ya kwanza ina kichwa kidogo cha mviringo, kama kifuniko cha chupa ya soda kilichopunguzwa. Kinazunguka kushoto na kulia haraka. Oral-B ndiyo jina linalojulikana zaidi kwa aina hii, na mpini wake wa bei ya chini, Vitality, huzunguka namna hiyo kama mara 7,600 kwa dakika. Aina ya pili ina kichwa kirefu kinachofanana na mswaki wa kawaida, nacho kinatetemeka kwa kasi kubwa mno. Sonicare ya Philips ndiyo iliyotangulia kujulikana hapo, ikiwa na mipigo 31,000 kwa dakika. Miswaki mingi ya bei nafuu inayochajiwa kwa waya wa USB, ile ya majina tusiyoyafahamu, ni ya aina hii ya pili.

Usibabaishwe na boksi lililoandikwa 40,000 au 48,000. Namba hiyo inaeleza kasi tu. Haielezi nguvu, na mswaki unaweza kutetemeka kwa kasi hewani kisha ukazimika mara tu unapogusa jino. Namna ya kupima nguvu nitaieleza tukifika dukani.

Upi bora? Zote mbili zinasafisha. Kwa mzee ambaye mkono wake hauna ustadi ninapendelea kichwa cha mviringo, kwa sababu kinakaa juu ya jino moja na mtu hapotei. Kwa mwenye fizi nyepesi na anayechukia kelele, wa kutetemeka ni mpole zaidi.

Hatua ya kwanza: vichwa

Kichwa cha mswaki hubadilishwa kila baada ya miezi 3, au mapema zaidi nywele zikianza kutawanyika. Kwa hiyo mtu mmoja anahitaji vichwa 4 kwa mwaka. Kabla hujauliza bei ya mpini, uliza hivi: "Kaka, vichwa vyake unavyo? Bei gani? Vikiisha unaagiza wapi?" Muuzaji akikujibu kwamba viko njiani, au kwamba mswaki ukichakaa unanunua mwingine mzima, mshukuru na uendelee na safari.

Tupige hesabu ya miaka 2 kwa bei za mfano. Mswaki wa A unauzwa shilingi 40,000 na una vichwa 2 ndani, na vya akiba vinapatikana kwa 4,000 kila kimoja. Vichwa vya ndani vitakupeleka miezi 6. Miezi 18 inayobaki inahitaji vichwa 6, yaani 24,000. Kwa miaka 2 umetumia 64,000. Mswaki wa B unauzwa 25,000, una vichwa 2, na vya akiba havipo. Kila miezi 6 unanunua upya, mara 4 kwa miaka 2: shilingi 100,000. Wa B ndio nilioununua mimi, nikidhani nimebana matumizi.

Upande wa kuingiliana, kuna mambo yafaayo kujua. Vichwa vya mviringo vya Oral-B huingia kwenye mipini yake mingi ya kuzunguka, ya zamani na mipya, isipokuwa familia ya iO ambayo ina vichwa vyake. Viwanda vingine pia hutengeneza vichwa vinavyoingia humo, ndiyo maana aina hii ina vichwa vingi sokoni kuliko nyingine. Miswaki ya USB isiyo na jina kubwa kila mmoja una pini yake: mwingine ya duara, mwingine imekatwa ubavu mmoja, mwingine ina mfereji. Picha ya simu haitoshi kuoanisha. Beba mpini wenyewe dukani, au umpe anayekwenda Dar aubebe.

Kununua kwa mtandao na kutumiwa mzigo kwa basi kumeturahisishia sana sisi wa kusini. Ushauri wangu ni mmoja: agiza mpini pamoja na vichwa vya mwaka mzima kwa mkupuo. Nauli ya kifurushi ni karibu ile ile, na vichwa haviozi. Mpini ukija peke yake, baadaye utajikuta unalipia safari ya kilomita zaidi ya 500 kwa ajili ya vichwa vyenye uzito wa kalamu.

Vichwa vya bei ya kutupa vichunguze. Pitisha nywele zake juu ya ngozi ya ndani ya mkono, pale penye mishipa. Nywele nzuri zimesuguliwa ncha zikawa mviringo, na zinapita kama kitambaa. Zilizokatwa tu bila kusuguliwa zinakwaruza, na zitaukwaruza ufizi vivyo hivyo. Nunua laini. Ngumu waachie wanaosafisha viatu.

Hatua ya pili: chaji, na umeme wetu ulivyo

Kuna miswaki inayotumia betri ndogo za kawaida, zile za rimoti. Ni rahisi kununua, lakini nguvu yake inashuka siku hadi siku na betri unanunua kila mara. Mwongozo huu hauihusu.

Ya kuchaji ina njia mbili. Moja ni kigoda kinachochomekwa ukutani, unausimamisha mswaki juu yake na chaji inapita bila waya kugusana. Nyingine ni tundu la USB chini ya mpini au ubavuni. Kigoda ni salama zaidi kwa maji, kwa kuwa mpini umezibwa pande zote. Lakini kwa maisha yetu ya umeme kukatika, na kwa walioko Nanyamba, Kitangari au vijiji vya Nachingwea wanaotumia sola, USB ina faida kubwa: unauchaji kwa pawabenki, kwa sola ya nyumbani yenye tundu la USB, hata kwenye gari.

Angalia aina ya betri. Miswaki ya vigoda ya bei ya chini mara nyingi ina betri ya nikeli. Hiyo huchukua saa nyingi kujaa, hata 16 mara ya kwanza, na ikijaa hukaa wiki moja hivi. Ya lithiamu hujaa kwa saa chache na hukaa wiki kadhaa. Umeme ukisumbua siku tatu mfululizo, mwenye lithiamu hana habari.

Kuhusu gharama ya umeme, usiogope. Betri ya lithiamu ya miliampia-saa 800 inabeba kama wati-saa 3. Hata ukihesabu unaopotea kwenye chaja, yuniti moja ya LUKU inaweza kuijaza zaidi ya mara 100.

Sasa hatari zenyewe. Umeme wetu ni volti 230. Mswaki ulioletwa na ndugu kutoka Marekani unaweza kuwa na kigoda cha volti 120 tu, na ukikichomeka hapa kinaungua pale pale. Geuza kigoda, usome maandishi madogo chini yake. Ukiona 100-240V, chomeka bila wasiwasi. Ukiona 120V peke yake, usijaribu hata kwa dakika moja. Ulioletwa kutoka Uingereza mara nyingi una plagi ya pini 2 nyembamba za duara ambazo haziingii kwenye soketi zetu za pini 3. Nimeona watu wakitia kijiti au kifuniko cha kalamu kwenye tundu la juu ili pini 2 ziingie. Tafadhali acha. Nunua adapta, ni ya bei ndogo kuliko mazishi.

Jambo jingine linalowachanganya wengi: miswaki mingi ya bei nafuu yenye tundu la Type-C haichaji ukitumia waya wenye Type-C pande zote mbili, ule wa chaja mpya za simu. Mtu anadhani mswaki umekufa. Tumia waya wenye kichwa kile cha zamani, kipana cha mstatili, upande wa chaja. Taa itawaka.

Umeme ukikatika wakati wa kuchaji, chomoa. Unaporudi subiri dakika chache utulie ndipo uchomeke tena, kama tunavyofanya kwa friji. Na mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kifuani amuulize daktari wake kabla ya kutumia mswaki wowote wa kigoda.

Hatua ya tatu: dukani, mkononi

Omba uwashiwe. Muuzaji asiyetaka kuwasha anakuuzia boksi.

Ukiwaka, bonyeza nywele za kichwa kwenye ukucha wa dole gumba, kwa nguvu ile unayoshikia yai. Mswaki wa maana utaendelea na kazi, sauti ikibadilika kidogo. Dhaifu utasimama au utalia kama mbu. Kisha shika kichwa uchezeshe. Kikiyumba sana kitagonga meno. Tazama pale pini inapotokea kwenye mpini, panatakiwa kuwe na mpira uliobana, usio na nafasi, maana maji yakipita hapo mswaki umekwisha.

Tafuta alama ya IPX7. Maana yake kifaa kimejaribiwa kuzama kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa nusu saa bila kuharibika. Kama ni wa USB, tundu liwe na kifuniko cha mpira kinachoziba sawasawa.

Weka saa ya simu. Mswaki mzuri unajizima wenyewe baada ya dakika 2, na kila sekunde 30 unasita kidogo kukukumbusha uhamie robo nyingine ya kinywa. Kwa pesa yangu, hiki ndicho kifaa cha ziada pekee ambacho ni lazima. Kihisi cha mgandamizo, kinachowasha taa au kupunguza kasi ukibana sana, ni kizuri kwa wanaosugua kwa nguvu. Ukikipata ndani ya bajeti, chukua. Mambo ya kuunganisha na simu, aina 5 za mitetemo, taa za rangi, kifuko cha safari, hayo yote usiyalipie hata shilingi.

Usinunue mswaki wa kuchaji wa mtumba. Betri yake hujui imebakiza nini, na ndani ya shingo ya mpini kuna uchafu wa mtu mwingine ambao huwezi kuufikia.

Hatua ya nne: kuupiga mswaki wenyewe

Uchaji mpaka ujae kabla ya siku ya kwanza. Kisha sahau mkono wako ulivyozoea. Kosa la karibu kila anayeanza ni kuusugua mswaki wa umeme mbele na nyuma kama wa kawaida. Unapofanya hivyo unaiharibia mashine kazi yake, na unauumiza ufizi mara mbili.

Lowesha kichwa. Weka dawa ya meno yenye ukubwa wa punje ya njegere kwa mtu mzima. Povu la mashine ni jingi, na dawa nyingi itakufanya uteme kabla ya wakati. Inama juu ya karai au beseni, au pale unapotemea uani. Ingiza kichwa kinywani kwanza, ndipo uwashe. Ukiwasha nje, shati lote litakuwa na madoa meupe. Kabla ya kukitoa, zima. Funga midomo kidogo kuzunguka shingo ya mswaki na uache mate yatiririke.

Kigawe kinywa robo 4: juu kulia, juu kushoto, chini kushoto, chini kulia. Kila robo sekunde 30. Anza na gego la mwisho kabisa, upande wa shavuni. Kama kichwa ni cha mviringo, kikalishe juu ya jino moja kama kofia, kipinde kidogo kielekee ufizi, kihesabie polepole moja, mbili, tatu, kisha sogea jino linalofuata. Kama ni kirefu cha kutetemeka, kiinamishe nyuzi 45 kuelekea pale jino linapokutana na ufizi, na kiburute polepole mno, kama konokono anavyopanda ukuta. Ukimaliza nje, rudi kwa ndani, upande wa ulimi. Mwisho pita juu, panapotafuna.

Sehemu tatu husahaulika. Nyuma ya gego la mwisho. Upande wa ndani wa meno ya mbele ya chini, ambako utando hugeuka ugaga mgumu haraka kwa sababu mate hutokea hapo. Simamisha mswaki wima ili ufike. Na mstari wa ufizi wenyewe, ambapo ugonjwa wa fizi ndipo huanzia. Mama nilimfundisha mbele ya kioo, mkono wangu juu ya wake, siku tatu. Siku ya nne aliniambia nikae nje.

Usibane. Shika mpini kwa ncha za vidole, usiukunje ngumi. Nywele zikilala ubavu, umebana sana.

Ulimi upitishe mswaki ukiwa umezimwa, mara chache, kutoka nyuma kuja mbele.

Kisha tema, na usisukutue. Hili najua ni gumu kwetu, tuliozoea kopo la maji pembeni na kusukutua mara tatu. Lakini floridi inayobaki kinywani ndiyo inayoendelea kulikinga jino. Ukisukutua umeimwaga. Tema vizuri mpaka povu liishe, futa midomo, basi. Mama alihitaji wiki nzima kulizoea.

Na hiyo dawa iwe na floridi kweli. Soma ubavu wa tyubu: inatakiwa kati ya 1,000 na 1,500 ppm, yaani sehemu kwa milioni. Najua wapo wanaoliogopa neno floridi kwa sababu ya meno ya kahawia ya ndugu zetu wa Arusha na Kilimanjaro. Rangi ile inatokana na kunywa maji yenye floridi nyingi utotoni, wakati meno yanajengeka ndani ya taya. Kupaka dawa na kutema ni jambo jingine kabisa. Kamwe usitumie majivu, unga wa mkaa wala mchanga kwenye mswaki wa umeme. Kwa kasi ile, utakuwa unapiga msasa meno yako.

Saa bora ni usiku, kabla ya kulala, baada ya hapo ni maji tu. Ya pili ni asubuhi. Msimu wa korosho watoto wanashinda na mabibo mdomoni, na mabibo yana asidi, kama ukwaju, embe bichi na ndimu. Asidi hulainisha ngozi ya jino kwa muda. Waambie wanywe maji, wasubiri nusu saa ndipo wapige mswaki. Mwezi wa Ramadhani wengi wetu tunaona raha kuuweka baada ya futari kabla ya kulala, na tena baada ya daku.

Mswaki wa umeme hauingii katikati ya meno. Vipande vya korosho na nyuzi za ming'oko vinavyokwama kati ya magego vinahitaji uzi wa meno, mara moja kwa siku, ukiupitisha polepole ukikumbatia ubavu wa jino. Sindano na pini za nguo ziache kwenye nguo.

Mtekenyo na damu za siku za mwanzo

Siku chache za kwanza kinywa kitatekenyeka mpaka pua iwashe. Unapita. Fizi zilizokuwa zimevimba zinaweza kutoka damu kidogo, na wengi hapo huacha wakidhani mashine inawaumiza. Endelea kwa upole, usiliruke eneo linalotoka damu, kwa kuwa utando uliolundikana pale ndio unaolitia uvimbe. Kwa kawaida damu hupungua ndani ya wiki moja au mbili.

Ikizidi wiki 2, nenda kwa daktari wa meno. Hospitali ya Ligula hapa Mtwara na ya Sokoine kule Lindi wanahudumia kinywa. Inawezekana una ugaga, ambao ni utando uliokwisha kuwa kama jiwe, na hakuna mswaki wowote duniani unaoutoa; unakwanguliwa kwa vifaa vya daktari. Mwenye kisukari asisubiri hata hizo wiki 2, maana kisukari na ugonjwa wa fizi hukuzana. Mama mjamzito fizi zake hutoka damu kwa urahisi zaidi, aendelee kupiga mswaki na aliseme kliniki. Jino lililotoboka na kuuma ni la kuzibwa. Mswaki wa bei yoyote hautaliziba. Na aliyeng'olewa jino asilisogelee shimo kwa mswaki siku ile.

Mpini mmoja, nyumba nzima

Hapa ndipo unafuu wenyewe ulipo. Mpini mmoja unaweza kuhudumia watu 3 au 4, kila mmoja na kichwa chake. Vichwa vingi huja na pete za rangi chini. Kama hazipo, zungushia uzi wa rangi au andika herufi kwa kalamu ya maka. Kichwa hakishirikiwi hata kati ya mke na mume, kwa kuwa fizi hutoka damu na damu hubeba magonjwa. Kila anayemaliza atoe kichwa chake, aoshe na kufuta mpini, ndipo ampe mwenzake. Kwa USB ya lithiamu, watu 4 wataumaliza moto wake ndani ya wiki moja hivi badala ya mwezi. Bado ni sawa.

Mtoto wa miaka 3 kwenda juu anaweza kuutumia akiwa na kichwa kidogo cha watoto, ila mkono wa mzazi uwepo mpaka afike miaka 7 au 8. Dawa yake iwe ya ukubwa wa punje ya njegere kuanzia miaka 3 hadi 6. Chini ya hapo, punje ya mchele, kwa mswaki wa kawaida.

Kwa mgonjwa wa kiharusi ongezeni haya. Mkalisheni wima kabla ya kuanza, asije akapaliwa na povu. Dawa iwe kidogo sana. Baada ya kupiga mswaki pitisheni kidole chenye kitambaa safi kwenye shavu la upande uliopooza, maana chakula hujificha pale bila yeye kuhisi. Kama mpini unateleza, ufungieni soksi ya mtoto au mpira wa baiskeli. Wa mama tumeufungia kipande cha mpira wa baiskeli, na hajaudondosha tena.

Kuutunza kwenye hewa ya chumvi

Sisi wa Shangani, Mikindani, Msangamkuu na Lindi mjini tunajua pasi na baiskeli zinavyoshika kutu. Pini ya mswaki nayo ni chuma. Kila baada ya kutumia, mwagia kichwa maji kikiwa kimewashwa sekunde chache, zima, kichomoe, kung'uta, futa pini kwa kitambaa kikavu. Simamisha mpini na kichwa vikiwa vimeachana, mahali penye hewa, mbali na shimo la choo. Usikifunike kichwa kibichi kwa kifuniko cha plastiki. Ndani yake ukungu huota haraka kwa joto letu. Kama maji ya kisima chako ni ya chumvi, suuza pini mara ya mwisho kwa maji ya mvua au ya bomba.

Mara moja kwa wiki tazama ndani ya shingo ya kichwa, utakuta utelezi mweusi. Utoe kwa kijiti chenye pamba. Tundu la USB lisichomekwe waya likiwa na unyevu hata kidogo. Chaji ndani, kivulini. Usiache mswaki dirishani juani, wala kwenye gari lililofungwa, maana joto ndilo linaloua betri ya lithiamu mapema kuliko kitu kingine. Usingoje izime kabisa kila mara, na ukisafiri muda mrefu iache na chaji nusu.

Betri ikifa

Siku itafika mswaki uliokuwa unakaa mwezi utakaa siku 3. Mipini mingi ya bei nafuu imegundishwa na haifunguki bila kuvunjika. Fundi wa simu mzuri anaweza kuifungua na kubadilisha betri, lakini mpira wa kuzuia maji haurudi kama zamani. Ukifanya hivyo, usiuoshe tena kwa kuumwagia maji, ufute tu.

Usiutupe kwenye shimo la taka la uani tunalochoma moto jioni. Betri ya lithiamu ikiingia motoni hulipuka, na wanaokaa karibu na moto ule ni watoto. Ziba tundu la chaji kwa gundi ya nailoni, weka mpini kwenye kopo kavu, na siku ukipita kwa fundi wa simu muulize kama anapokea betri chakavu. Baadhi yao huzikusanya. Vichwa vya akiba vilivyobaki usivitupe. Ukinunua mpini mwingine wa familia ile ile, vitaingia.